Mvua, Nukta na Bibi Zetu

Nafundisha hisabati Kahama. Wanafunzi wangu huchora grafu ya nukta: mvua chini, magunia ya mahindi pembeni. Leo nawaletea wasomaji grafu nzito zaidi.

Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti wa vijiji vya Meatu, enzi hizo ikiwa katika mkoa wa Shinyanga, sasa Simiyu. Alilinganisha mvua na mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi, wengi wao vikongwe. Miaka ya ukame au mafuriko mauaji hayo yalifika karibu maradufu; mauaji mengine hayakuongezeka. Sasa fikiria nukta zinazopanda ncha zote mbili na kushuka katikati: ukizipitishia mstari ulionyooka, utaambiwa hakuna uhusiano. Chora kwanza, kokotoa baadaye.

Wapo, hadi Geita, wanaoshikilia kwamba macho mekundu ya kikongwe ni ushahidi wa uchawi. Ushahidi wa nini? Wa miaka mingi ya kupikia kuni na samadi, basi.

Wakurugenzi wa halmashauri, takwimu za mvua mnazo. Msimu ukiharibika, wapeni taarifa mapema viongozi wa vijiji na sungusungu, na chakula cha msaada kianzie kwenye nyumba zenye wazee.