Kutoka Kagera hadi Kampala: kila hatua ya vita ina swali lake

Novemba 2, 1978, Rais Julius Nyerere aliwatangazia Watanzania kwamba sababu ya kumpiga Rais wa Uganda, Idi Amin, ipo, nia ipo na uwezo upo. Watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wanayajua maneno hayo. Linalosemwa mara chache ni jinsi yanavyokaribiana na mizani ambayo Kanisa Katoliki, kanisa la Nyerere mwenyewe, limeitumia kwa karne nyingi kupima vita.

Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alitaka vita viamuliwe na mwenye mamlaka halali, viwe na sababu ya haki na viongozwe na nia njema. Katekisimu ya 1992 inabana zaidi. Madhara ya mvamizi lazima yawe mazito, ya kudumu na ya hakika. Njia nyingine zote ziwe zimeshindikana. Pawepo matumaini ya kweli ya kufanikiwa. Tena silaha zisizae maovu makubwa kuliko yale zinayokwenda kuyaondoa.

Kuhusu sababu, hakuna wa kubishana. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, yakaua, yakabaka, yakaswaga mifugo na kupora kiwanda cha sukari. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Taifa lililotendwa hivyo lina haki ya kujilinda, na kiongozi wake ana wajibu wa kulilinda.

Njia nyingine je? Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulijaribu usuluhishi. Nyerere aliutaka kwanza umlaani mvamizi, na alitaka Amin aache madai ya ardhi na alipe fidia. Umoja haukumlaani. Hata hivyo haki inadai tukumbuke pia Septemba 1972, wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walipoishambulia Uganda wakitokea Tanzania, hadi nchi hizo mbili zikafikia makubaliano Mogadishu. Amin hakupata uhalali wowote kwa hilo, lakini anayepima vita kwa dhamiri safi haanzi kuhesabu siku aliyopigwa yeye.

Ugumu wenyewe ulianza baada ya Kagera kukombolewa. Januari 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilivuka mpaka na kuuteka mji wa Mutukula. Kwa hasira ya yaliyotendeka Kagera, askari waliubomoa na kuua raia. Nyerere alishtuka, akaamuru raia na mali zao wasiguswe tena. Amri hiyo inamjengea heshima, ila haifuti kilichotokea. Sababu ya haki haikuwatakasa waliofyatua risasi dhidi ya watu wasio na silaha, na simulizi zetu za ushindi zina deni kwa wafu wa Mutukula.

Kisha likaja swali la Kampala. Kumfukuza mvamizi ni jambo moja, kuing'oa serikali ya jirani ni jingine. Watetezi wa hatua hiyo wana hoja nzito: Amin alikuwa hajaacha vita, Muammar Gaddafi wa Libya alimpelekea askari, na utawala wa Amin ulikuwa umewaua Waganda wengi, akiwamo Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na watu wakajaa barabarani kushangilia. Lakini Yusufu Lule, aliyeshika urais baada ya Amin, alitawala siku 68 tu, uchaguzi wa Desemba 1980 ukaacha manung'uniko makali, na vita vya msituni vya Luwero, ndani ya Uganda, vikateketeza maisha ya maelfu. Mimi naamini kumwondoa Amin kulikuwa na haki. Naamini pia kwamba haki hiyo ilihitaji kupimwa upya mpakani, kwa sababu zake yenyewe, badala ya kubebwa na haki ya kuikomboa Kagera.

Papa Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa 2020, alionya kwamba kwa nguvu za silaha za leo ni vigumu mno kuendelea kuzungumzia vita vya haki kwa vigezo vya kale. Onyo hilo linaviongezea vigezo ukali, nasi tunavihitaji pale maamuzi yanapofanyika.

Ibara ya 44 ya Katiba ya Tanzania inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita, kisha Bunge liitishwe ndani ya siku 14 kuitafakari. Huo ni mwanzo wa vita tu. Lengo likibadilika, jeshi likitoka kwenye ulinzi na kuingia nchi ya wengine, Bunge linapaswa kuitishwa tena, na wabunge waulize kwa sauti: nini kimeshindikana, nani atatawala huko tukishinda, na raia wa upande wa pili watalindwaje.