MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Siku za kuchuma kahawa huko Mpepai, wilayani Mbinga, kijana hutundika redio yake mtini, na nyimbo zilizorekodiwa Dar es Salaam miaka zaidi ya ishirini iliyopita humsaidia kulijaza debe. Waimbaji wote awajua kwa majina. Lakini mwulizeni ni nani aliyeutengeneza mdundo ule, nanyi mtamwona akinyamaza.

Leo twapenda kumtaja mtu huyo. Ni Paul Matthysse, ajulikanaye kwa jina la P-Funk Majani, mtayarishaji wa muziki wa studio ya Bongo Records. Twamtaja angali hai, nasi twafanya hivyo makusudi.

Vijana wetu walipoanza kughani kwa mtindo wa Wamarekani weusi, wengi waliazima Kiingereza pamoja na midundo ya watu. Mwaka 1991 Saleh Jabir alionyesha kwamba Kiswahili chaweza kuubeba mtindo huo, na Bonny Luv wa studio ya Mawingu akaanza kufyeka njia. P-Funk aliipanua njia hiyo ikawa barabara. Mikononi mwake zilipita kazi za Juma Nature, za Albert Mangwea, na albamu ya Profesa Jay ya mwaka 2001, Machozi Jasho na Damu. Ngoma nzito, besi ya kutikisa kifua, na juu yake Kiswahili chenye kusikika neno kwa neno.

Wako wazee wasemao kwamba huo ni muziki wa wahuni. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Katika albamu ile umo wimbo Ndio Mzee, umchekao mwanasiasa aahidiye kila kitu huku wasikilizaji wake wakiitikia tu. Sisi tulio katika siasa tulichekwa, na tulistahili kuchekwa. Mwaka 2015 wananchi wa Mikumi walimchagua mwimbaji huyo huyo kuwa mbunge wao. Wimbo umwambiao mkubwa ukweli hauwezi kuitwa uhuni.

Watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa walijua jambo hili zamani. Katika mganda, macho yote huwatazama wachezaji waliojipanga mistari. Lakini ngoma ikinyamaza, hakuna mguu uinukao.

Albert Mangwea alipofariki Afrika Kusini tarehe 28 Mei 2013, umati mkubwa ulimzika Morogoro. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Lakini machozi hayalipi kodi ya nyumba wala ada ya shule. Desturi ya kumnyima mtu haki yake akiwa hai, kisha kumpelekea maua kaburini, ni desturi ya aibu.

Tangu mwaka 1999 nchi yetu inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na COSOTA ndiyo iliyopewa kazi ya kuisimamia. Lakini sheria isiyotekelezwa ni jembe lisilo mpini. Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, redio itajapo jina la mwimbaji, itaje na la mtayarishaji. Pili, kila apigaye nyimbo hizi kwa faida, awe mwenye redio, baa au basi, alipe. Na fungu la mtengeneza mdundo liandikwe katika mkataba kabla ya wimbo kurekodiwa. Tatu, kanda za asili za miaka hiyo zihifadhiwe kama zihifadhiwavyo nyaraka za taifa, maana ndani yake mna sauti ya kizazi kizima.

Mkulima wa Mpepai hakubali kahawa yake ichukuliwe bila kuwekwa katika mizani. Mfanyakazi wa kiwandani hakubali mwezi upite bila mshahara. Kwa nini basi tukubali jasho la mwenzetu wa studio limwagike bure, ati kwa kuwa kazi yake husikika tu na haishikiki?

Mcheza kwao hutunzwa. Na atunzwe leo, macho yake yakiona.