Vyumba vya madarasa vya Januari 2028 vipangwe sasa

Mwishoni mwa mwaka 2021, Serikali ilielekeza sehemu ya mkopo nafuu wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa katika ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi. Kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20. Lengo lilikuwa wanafunzi wa kidato cha kwanza waanze masomo Januari 2022 kwa pamoja, bila kusubiri chaguo la pili.

Mtihani mkubwa zaidi uko mbele. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita na elimu ya lazima miaka kumi. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watahitimu darasa la sita mwaka 2027, sambamba na watangulizi wao wa darasa la saba. Makundi yote mawili yataingia sekondari Januari 2028.

Idadi yao haihitaji kukisiwa, kwani wamekwishaandikishwa. Kinachohitajika ni halmashauri kuoanisha takwimu za kila kata na bajeti, kukamilisha maboma yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi, na kutosahau vyoo, madawati na walimu. Vipaumbele huibuliwa katika mikutano ya vijiji na mitaa; huko ndiko mwananchi anakopaswa kuuliza mapema kata yake itahitaji vyumba vingapi.