Mahadhi Matamu, Maneno Machungu: Wimbo Uliowagawa Wasikilizaji

Mwaka 2010 mwanamuziki wa Los Angeles aitwaye Mark Foster alitunga na kurekodi wimbo, akauweka kwenye intaneti watu wauchukue bure. Mwaka uliofuata wimbo huo, “Pumped Up Kicks”, wa bendi yake ya Foster the People, ulipanda hadi nafasi ya tatu katika chati ya Billboard ya Marekani, ukakaa hapo wiki nane. Una besi inayotembea taratibu, kiitikio kinachonasa upesi, na mahali fulani mluzi unaopigwa kama wa mtu asiye na shughuli siku ya mapumziko. Ni wimbo ambao mwili huupokea kabla akili haijauliza unasema nini.

Unasema nini basi? Unatusimulia habari za mvulana aitwaye Robert. Baba yake hufanya kazi kutwa na kurudi amechelewa. Chakula cha jioni ni kilichogandishwa. Mvulana ameikuta bastola katika kabati la baba. Jina la wimbo lina maana ya raba za bei kubwa, na katika kiitikio vijana wenye raba hizo wanaambiwa wakimbie, tena wakimbie kuishinda risasi. Kwa ufupi, ni mawazo ya mtoto anayejiandaa kuwaua wenzake.

Wasikilizaji waligawanyika. Wapo waliosema kuwa kuupamba mpango wa mauaji kwa mahadhi ya kuchezea ni dhihaka kwa wafiwa, na ni hatari kwa vijana. Wapo walioutetea: sanaa haina wajibu wa kutufariji, na utamu wa mahadhi ndio unaotufanya tushtuke tunapoyafahamu maneno. Na lipo kundi la tatu, nadhani kubwa kuliko yote mawili, la watu walioucheza miezi mingi bila kujua unahusu nini. Kituo cha televisheni cha MTV kiliyafuta maneno yanayotaja bunduki na risasi. Bendi yenyewe ilijibu kwamba haikuwa na nia ya kushangilia mauaji. Mpigaji besi wake wa wakati huo alikuwa na ndugu aliyenusurika shambulio la shule ya Columbine la mwaka 1999. Desemba 2012, baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook, vituo vingi vya redio viliuweka kando. Mwaka 2019 Foster mwenyewe alisema hadharani kwamba anafikiria kuacha kabisa kuuimba.

Kwa nini daktari wa magonjwa ya akili ayaandike haya katika jarida la afya, tena kwa wasomaji ambao wengi wao hawaishi Marekani? Kwa sababu nyimbo hazina mipaka. Kijana wa Tandale au Kisumu huzipata katika simu yake siku ileile zinapotoka. Na kwa sababu swali wanaloniuliza wazazi ni lilelile waliloulizana wasikilizaji wa Marekani: je, wimbo unaweza kumharibu mtoto? Swali hilo nitalijibu, ingawa naamini kwamba tukiishia hapo tutakuwa tumelikosa jambo kubwa zaidi.

Haki inatutaka tukiri kwamba maneno ya nyimbo hayapiti masikioni bila kugusa chochote. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Craig Anderson na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio matano yaliyohusisha zaidi ya wanafunzi 500 wa vyuo. Waliosikiliza nyimbo zenye maneno ya ukatili walikuwa na hisia za uhasama na fikra za kugombana kuliko waliosikiliza nyimbo zisizo na maneno hayo. Anayesema “ni wimbo tu” hana budi kulizingatia hilo. Lakini kilichopimwa pale ni hisia na fikra za muda mfupi baada ya kusikiliza. Kati ya hisia hizo na mkono unaoshika silaha kuna safari ndefu, na mambo yaliyomo katika safari hiyo tunayafahamu kwa kiasi kizuri.

Mwaka 2002 Secret Service, idara inayomlinda Rais wa Marekani, pamoja na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, zilitoa ripoti ya uchunguzi wa mashambulio 37 yaliyofanywa shuleni na washambuliaji 41 tangu mwaka 1974 hadi 2000. Asilimia 71 ya washambuliaji walikuwa wamehisi kuonewa, kutishwa au kuumizwa na wengine. Asilimia 78 walikuwa wamewahi kufikiria au kujaribu kujitoa uhai. Asilimia 68 waliipata silaha nyumbani kwao au kwa jamaa. Na katika asilimia 81 ya mashambulio, angalau mtu mmoja alikuwa amepata fununu kabla. Mara nyingi alikuwa rafiki au mwanafunzi mwenzake.

Ripoti hiyo ina jambo jingine linalouhusu mjadala wetu moja kwa moja. Wachunguzi waliangalia ni wapi washambuliaji walionyesha kuvutiwa na ukatili. Michezo ya kompyuta ilikuwa asilimia 12, vitabu asilimia 24, filamu asilimia 27. Kundi kubwa kuliko yote, asilimia 37, walilionyesha jambo hilo katika maandishi yao wenyewe: mashairi, insha na shajara. Yaani wakati watu wazima wakibishana juu ya maneno ya wasanii, maneno ya watoto wenyewe yalikuwa yamelala ndani ya madaftari, na waliowahi kuyaona hawakujua wamwambie nani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka nyimbo za namna hii zifutwe. Hebu tuusikilize tena wimbo wa Foster kana kwamba ni maelezo ya mgonjwa. Tunamwona mtoto anayeshinda peke yake. Tunamwona mzazi ambaye si mbaya, ila amechoka. Tunasikia uchungu wa kujilinganisha na wenye vya thamani. Tunaona silaha ndani ya kabati lisilofungwa. Mhudumu wa afya aliyefunzwa vema angeyaandika yote manne katika faili. Redio ikiacha kuupiga wimbo, hakuna hata moja kati ya hayo litakaloondoka. Kabati litabaki wazi kama lilivyokuwa.

Na yale mahadhi ya furaha yaliyowaudhi wengi? Kwangu mimi ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote. Maumivu ya nafsi hayaji kliniki yakilia kila mara. Huja yakitabasamu na kusema “naendelea vizuri, daktari, ni kichwa tu kinaniuma”. Kijana mwenye sonona anaweza kuwa mchekeshaji wa darasa. Mama aliyekata tamaa anaweza kuwa ndiye anayeongoza nyimbo katika kikundi chake. Anayesubiri kuona huzuni usoni ndipo aulize, atawakosa wengi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna udhuru wa kusema sanaa hii ya kusikiliza tabaka mbili ni ngeni kwetu. Katika taarabu, watu huinuka kumtunza mwimbaji huku wakiyumba kwa madaha, na fumbo lililomo ndani ya ubeti likimchoma mtu aliyeketi meza ya tatu. Hadhira hujua fika kwamba utamu wa sauti ni jambo moja na shabaha ya maneno ni jambo jingine. Sikio hilohilo tunalolitumia harusini tunalihitaji katika chumba cha daktari.

Hata hivyo, sikubaliani kikamilifu na watetezi wa wimbo. Wanasema uliwafumbua watu macho. Sawa, lakini kufumbuliwa macho bila kuonyeshwa njia kunaweza kumwacha aliyeumia akiwa ameumia vilevile. Wimbo unatuingiza katika kichwa cha Robert, na hakuna mwalimu, rafiki wala jirani anayebisha hodi. Kwa msikilizaji mwenye afya, hiyo ni sanaa. Kwa msikilizaji aliyefikia ukingoni, ni chumba kisicho na mlango.

Tofauti hiyo ina ushahidi. Mwaka 2017 mwanamuziki wa Marekani, Logic, alitoa wimbo ambao jina lake lilikuwa namba ya simu: 1-800-273-8255, namba ya taifa ya msaada kwa wanaofikiria kujiua nchini humo wakati huo. Nao unaanzia gizani, kwa mtu asiyetaka kuishi tena. Lakini yupo anayempokea simu, na mwishoni mtu huyo anataka kuishi. Desemba 2021 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti ulioongozwa na Thomas Niederkrotenthaler wa Vienna. Katika siku 34 ambazo wimbo huo ulizungumzwa zaidi na umma, simu zilizopigwa kwenye namba hiyo zilizidi matarajio kwa 9,915, sawa na asilimia 6.9, na vifo vya kujiua vilikuwa pungufu ya matarajio kwa 245, sawa na asilimia 5.5. Utafiti wa aina hiyo huonyesha mambo yaliyokwenda pamoja. Hauwezi kuapa kwamba hili ndilo lililoleta lile. Lakini kwa tatizo linaloua zaidi ya watu 700,000 duniani kila mwaka, dalili kama hiyo si ya kupuuzwa.

Wataalamu huiita hali hiyo athari ya Papageno. Jina limetoka katika opera ya Mozart iliyoonyeshwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1791, ambamo Papageno, aliyekata tamaa ya mapenzi, anakaribia kujitoa uhai, na wavulana watatu wanamkumbusha kwamba ipo njia nyingine. Giza lilikuwepo hata katika opera hiyo. Kilicholeta tofauti ni kwamba mtu alifika na kusema neno.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Wimbo wenye maneno ya giza usipigwe marufuku kwa sababu ya giza lake. Redio iuweke kando kwa muda jamii inapokuwa katika msiba unaofanana na maneno yake, kwa heshima ya wafiwa. Siku nyingine ukipigwa, mtangazaji aseme sentensi mbili kuhusu mahali msaada unapopatikana. Na sisi wa sekta ya afya tuache kuwaachia watangazaji kazi iliyo yetu.

Wahudumu wenzangu, mnapokutana na kijana, ulizeni: “Siku hizi unasikiliza wimbo gani? Upi unaurudia rudia? Unakusemea nini?” Ni swali jepesi, halimtii mtu aibu, na mara nyingi hufungua kinywa kilichofungwa na swali la “una tatizo gani?” Jibu likiwa zito, msizunguke. Ulizeni kwa maneno ya wazi kama amefikiria kujiua au kumdhuru mtu. Hofu kwamba swali hilo litampandikizia wazo haina msingi. Tafiti zimeonyesha kuwa halimpandikizii, na wengi huona nafuu kwa kuulizwa. Akikubali, ulizeni kama ana mpango na kama ana kitu cha kuutekelezea. Asiachwe peke yake, wala asipewe tarehe ya kurudi mwezi ujao. Apelekwe siku hiyohiyo mahali penye huduma ya afya ya akili, akiwa na mtu anayemwamini.

Wazazi na walezi, msianze kwa kunyakua simu. Ketini msikilize pamoja, kisha mwulizeni mtoto maneno yale yana maana gani kwake. Wengi watajibu kwamba wanapenda mapigo tu, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Yaishe hapo kwa amani. Ila likague kabati. Katika nyumba za Marekani hatari kubwa ni bunduki. Katika nyumba nyingi za kwetu ni dawa za kuulia wadudu wa shambani na vidonge vilivyobaki. Vifungiwe, na ufunguo ukae kwa mtu mzima. Mawimbi makali ya kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka, na kila kizuizi kinachomchelewesha mtu humpa nafasi ya kuvuka.

Nawe unayesoma ukiwa kwenye benchi la kusubiri, ukiwa na wimbo mmoja unaokuandama kwa sababu unasema usiloweza kulisema: ingia nao kwa daktari au muuguzi. Mwambie, “Maneno haya ni kama yangu.” Hulazimiki kuanza kwa maelezo marefu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini si kila anayenyamaza anaficha. Wengine wamekosa tu maneno ya kuanzia. Kama wimbo umekupa maneno hayo, yatumie leo, kabla hujatoka hapo.