Hutaki kula, au huna cha kula?

Tuko wiki ya tisa ya semesta, bumu limeshakauka mifukoni mwa wengi, test zinafuatana, na ukipita korido za hosteli jioni ukauliza mtu kama amekula utapata moja ya majibu mawili: "sina hamu" au "nimefulia". Leo nataka tuyaangalie majibu hayo, maana mimi naona kila moja linajificha nyuma ya mwenzake.

Hoja yangu ni moja. Ukitaka kujua mwenzako anaendeleaje, kumuuliza "umekula?" haitoshi. Na "una hamu ya kula?" nayo haitoshi. Kuna mambo matatu ya kuuliza mbalimbali: njaa, hamu, na uwezo.

Kiswahili chetu chenyewe kinatuchanganya kidogo hapa. Njaa ni tumbo kunguruma, njaa ni mvua zisiponyesha, na mtaani njaa ni kukosa hela. Hamu ni kitu kingine kabisa. Unaweza kuwa na njaa bila hamu, muulize aliyetoka kuugua malaria. Unaweza pia kuwa na hamu bila njaa, muulize aliyemaliza wali maharage halafu akapita karibu na karai la chipsi. Na kwamba tumbo linaendesha moyo, wahenga walishamaliza: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza.

Sasa wataalamu wanaipimaje? Njia maarufu ni rahisi mpaka unaweza kucheka. Unachorewa mstari wa milimita 100. Mwisho mmoja umeandikwa "sina njaa kabisa", mwisho wa pili "sijawahi kuwa na njaa kama hii". Unaweka alama pale unapojiona, mtu anapima kwa rula. Wanafanya hivyo hivyo kwa shibe, kwa hamu ya kula, na kwa kiasi unachodhani ungeweza kula. Mwaka 2000 watafiti wa Denmark waliijaribu mistari hii wakaona inaaminika, ila inafaa zaidi ukimlinganisha mtu na yeye mwenyewe kuliko kumlinganisha na jirani yake. 60 yangu si lazima iwe 60 yako.

Mwaka 2022 ikatoka kazi nyingine iliyonivutia zaidi, kwa sababu haikufanyika maabara. Watu 64, wengi wao kutoka Ulaya ya kati, waliulizwa kupitia simu zao mara tano kwa siku, siku 21, wakiwa kwenye maisha yao ya kawaida: una njaa kiasi gani, una hasira kiasi gani, unajisikiaje? Njaa ilipopanda, hasira na kukereka navyo vilipanda, furaha ikashuka. Kwa hiyo yule roommate anayegomba saa kumi jioni kwa sababu umehamisha ndoo yake, kabla hujamwita mkorofi, fikiria amekula lini.

Na njaa ikikaa muda mrefu, haiishii kwenye kukereka. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1945, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa wiki 24, kiasi cha kilokalori 1,600 hivi kwa siku. Walichaguliwa kwa sababu walikuwa na afya nzuri ya mwili na akili. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini pia walianza kujitenga, wakawa na huzuni, wakashindwa kutuliza mawazo, wakawa wanawaza chakula tu. Hawakuanza na huzuni ndipo wakaacha kula. Chakula kilipungua kwanza, huzuni ikafuata.

Hapo ndipo ninapofika kwenye fomu. Kuna dodoso la maswali tisa, PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001, linalotumika sehemu nyingi duniani kuchuja dalili za sonona, na hata kwa Kiswahili lipo. Swali la tano linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: umesumbuliwa mara ngapi na kukosa hamu ya kula, au kula kupita kiasi? Unajibu kuanzia 0 mpaka 3. Silidharau dodoso hili, ni fupi na limesaidia watu wengi. Lakini liangalieni kwa macho ya mwanafunzi aliyefulia. Kwanza, vitu viwili vinavyopingana vimewekwa kwenye kapu moja. Pili, halimuulizi kama ana hela. Kijana anayepiga pasi ndefu, yaani mlo mmoja saa tano asubuhi wa kumfikisha kesho, akilipata bumu atakula kuku na chipsi siku tatu mfululizo. Je, amekosa hamu? Amekula kupita kiasi? Hapana jamani, alikuwa na njaa.

Nimewaona watu wawili hapa hapa chuoni, sitawataja. Mmoja alikuwa anasema "sina hamu" kila jioni, wenzake wakaanza kusema ana mawazo, pengine mapenzi. Siku tuliyochanga tukapika ugali na dagaa chumbani, alikula kuliko sote. Alikuwa anaona aibu kusema hana kitu. Wa pili alikuwa na hela, lakini kila siku "nimefulia, nyie nendeni". Wakamwita bahili. Kumbe chakula kilikuwa hakishuki, usingizi hapati, darasani haingii. Aliahirisha mwaka. Wa kwanza alihitaji sahani. Wa pili alihitaji daktari. Kwa nje, wote wawili walikuwa watu wasiokwenda kula.

Najua kuna atakayesema: sasa si ni rahisi tu, mnunulie mtu chakula uone. Inasaidia, ila si jibu kamili. Shida ya hela inaweza kuleta sonona ya kweli, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Tena njaa ya kuchagua si sawa na njaa ya kulazimishwa. Anayefunga Ramadhani anaweza kuweka alama kwenye 85 saa kumi na moja jioni na moyo wake umetulia, maana anajua futari inakuja. Mimi nimejichorea mstari huo kwenye daftari wiki mbili sasa: 80 ya Jumapili nikisubiri pilau kwa shangazi na 80 ya Alhamisi nikiwa sina hata nauli zinalingana kwa rula, ila nilichoandika pembeni kuhusu moyo wangu hakilingani hata kidogo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa zahanati za vyuo, washauri wa wanafunzi na viongozi wetu wa hosteli ni dogo na halina gharama. Mtu akisema hali vizuri, muongezeeni swali moja, faraghani na kwa heshima: hutaki, au huna? Akisema hataki, msimwache aondoke na panado. Akisema hana, msimwandikie mawazo wakati anahitaji chakula. Na akisema vyote, basi vyote vishughulikiwe.

Na sisi wenyewe kwa wenyewe tuache utani wa "bahili" na "anajidai dayati". Swali hilo hilo linaulizika hata korido.

Naomba kuwasilisha.