KUBONYEZA NYAYO HAKUFUNGUI KOO

Hapa Kericho kuna wanaowaambia watu: bonyeza kiganja, bonyeza nyayo, kukoroma kutaisha. Nakataa! Anayekoroma, pumzi ikakatika, kisha akashtuka akihema, koo lake limelegea na njia ya hewa imeziba. Kidole mguuni hakiizibui. Tangu 1981, Colin Sullivan wa Australia alipoonyesha, mashine ya kusukuma hewa puani huishikilia wazi. Kubonyezwa kukikutuliza, sawa, lakini usiache hospitali. Na wewe unayesema ni pepo, Luka alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Dereva wa lori la majani chai akisinzia kwenye usukani, ni roho za watu! Mama, yeye hajisikii akilala, wewe unamsikia. Nenda naye kwa daktari, ueleze. Tutaomba, NA atapimwa. Amina?