Ukungu Ulao Uso

Mkate ukilala siku nyingi huota ukungu. Mbegu zake ni vumbi lisiloonekana, nasi twalivuta puani kila siku wala halitudhuru. Lakini kwa mtu aliyezidiwa na kisukari, au aliyedhoofishwa na saratani ya damu, vumbi hilo huweza kuota katika uwazi ulio ndani ya mifupa ya uso, kando ya pua. Hapo ukungu hupenya katika mishipa ya damu ukaiziba, na nyama isiyopata damu hufa. Kwa siku chache tu huweza kufika jichoni, kisha kwenye ubongo.

Katika mwaka wa 2021, wakati wa maradhi ya Korona, huko Bara Hindi waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 40,000. Aghalabu yao walikuwa na kisukari, na wengi walikuwa wamepewa dawa za steroidi. Magazeti yaliyaita maradhi hayo "ukungu mweusi". Jina hili lapotosha: weusi ule ni wa nyama iliyokufa, si rangi ya ukungu wenyewe, na anayengoja kuuona amekwisha kuchelewa.

Basi tabibu atajuaje mapema? Hukata kipande kidogo cha nyama ndani ya pua, akakitazama kwa hadubini. Nyuzi za ukungu huu ni pana kama utepe. Za mwenziwe, aspajilasi, ni nyembamba zenye vigawanyo. Lakini katika nyama iliyooza nyuzi hujikunja na kukatika, hata mtaalamu akatatizika. Na kupambanua ndiko kazi yenyewe, kwani vorikonazoli, dawa mashuhuri ya aspajilasi, haiufai ukungu huu. Wenyewe hutibiwa kwa amfoterisini, pamoja na kukatwa nyama iliyokufa. Kile kipimo cha damu kiitwacho galaktomanani nacho hakiuoni.

Ndipo wataalamu wakaelekea kwenye protini. Hutengenezwa kingamwili ishikayo protini moja tu, ikaunganishwa na rangi, ikamiminwa juu ya kipande kile cha nyama. Penye ukungu unaotafutwa rangi hubaki. Pasipo nao huoshwa ikaondoka. Wataalamu wa Marekani waligundua juu ya ukungu huu protini iitwayo CotH, ambayo aspajilasi haina. Hiyo ndiyo inayoshikamana na protini ya mwili wetu, GRP78, iliyo katika kuta za mishipa ya damu, nayo huongezeka sukari ikizidi. Angalieni basi kwa nini wenye kisukari ndio wanaoshambuliwa zaidi! Vipimo hivi havijaenea mahospitalini, na hadubini ingali ndiyo nguzo.

Lakini vyote, cha zamani na kipya, vyahitaji kipande cha nyama, na jamaa wengine hukataa kisikatwe, eti mgonjwa asiongezewe jeraha. Woga huo siuoni kuwa na hoja. Mwenye kisukari akishikwa na maumivu ya upande mmoja wa uso, ganzi ya shavu, uvimbe wa jicho au kuona vitu viwili viwili, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na aliyempeleka aulize kama pua yake imetazamwa ndani.